Kijijini, Gharama ya Intaneti Haiko Hewani

Kifaa cha redio kinachoweza kurusha intaneti kutoka kilima kimoja hadi kingine, umbali wa kilomita 14, kinaenea kwenye mkoba wa mwanafunzi. Jozi yake, kimoja huku na kingine kule, huuzwa kati ya dola 120 na 250 za Marekani, na ikifungwa vizuri hupitisha megabiti 100 kwa sekunde bila kutoa jasho. Masafa yanayotumika, yaani gigahezi 2.4 na gigahezi 5, katika nchi nyingi yameachwa wazi kwa vifaa vya nguvu ndogo, hivyo hakuna anayelazimika kuyanunua kwenye mnada. Kwa maneno mengine, hewa si ghali na redio si ghali. Lakini bado kuna vijiji ambako mtu hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na akiupata hununua bando la saa 24 linalokata kabla hajamaliza kujaza fomu ya mkopo wa chuo.

Basi hela inaishia wapi? Nyingi inaishia njiani, kati ya kijiji na mahali mkongo ulipo. Nyingine inaliwa na umeme. Iliyobaki inamhusu mtu ambaye wafadhili humsahau kabisa: fundi wa kupanda mlingoti siku mambo yakiharibika. Vikao vya miradi ya intaneti vijijini hupenda kujadili aina ya redio, kwa sababu redio inapendeza kwenye picha. Mimi ningeanza na bili ya mkongo.

Hadi katikati ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti ili kufika kwenye intaneti ya dunia, na bei yake ilitosha kuifanya kuwa ya mabenki, mashirika na vyuo vichache. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi. TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, ukafuata mwaka huohuo, kisha EASSy mwaka 2010. Tanzania nayo ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, ambao TTCL ndiyo inayouendesha, na leo mikoa yote na wilaya nyingi zimefikiwa. Ndiyo maana kijiji ambacho zamani kilikuwa mamia ya kilomita kutoka kwenye mkongo sasa mara nyingi kiko umbali ambao redio ndogo inauweza. Pengine hata waya wenyewe unapita kando ya barabara yake, umefukiwa chini ya mahindi ya watu, bila kusimama hapo. Kuukata mkongo katikati ya safari ili kuteremsha huduma kijijini kunahitaji kibanda, mitambo, umeme na mteja wa uhakika, na mwenye mkongo haoni mteja wa namna hiyo pale.

Wazo la kumtafuta mteja huyo si geni kwetu. Miaka ya 2000, kabla mikongo ya bahari haijafika, mradi wa utafiti wa ICT4RD uliowahusisha wataalamu wa Tanzania na wa chuo cha KTH cha Sweden ulifanya majaribio wilayani Bunda na Serengeti. Ulitumia nyuzi za mkongo zilizokuwa tayari zimetandazwa kwenye njia kuu za umeme na mawasiliano, ukazifikisha kwenye shule, hospitali na ofisi za halmashauri. Miundombinu ilikuwepo tayari, imelipiwa kwa sababu nyingine, na ilikuwa na nafasi tele ndani yake. Nafasi hiyo isiyotumika ndiyo kiini cha suala lote la bei.

Tupige hesabu. Mstari wa megabiti 100 kwa sekunde ukifanya kazi mwezi mzima bila kupumzika unaweza kupitisha kiasi cha GB 32,000. Hakuna mstari unaofanya kazi hivyo. Usiku watu hulala na asubuhi wako shambani. Tuseme unatumika kwa robo tu ya uwezo wake, tubaki na GB 8,000 hivi. Sasa tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mwenye mkongo anatoza shilingi milioni 3 kwa mwezi. Gharama ya GB moja inakuwa shilingi 375 hivi. Lakini kijiji hichohicho kikiwa na wateja wachache wanaotumia GB 300 kwa mwezi, GB moja inagharimu shilingi 10,000. Mstari ni uleule, redio ni zilezile, na anayelipa bili hajabadilika.

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Anayeanza na bei ya juu ili arudishe fedha haraka hubaki na mwalimu mkuu, mwenye duka la dawa na padri. Anayeanza na bei ya chini kabla hajawa na watu wa kutosha hushindwa kulipa bili ya mwezi wa tatu. Njia inayopitika ni kukusanya kwanza wateja wakubwa wa kudumu: shule, zahanati, ofisi ya kata, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wakala wa fedha. Hao wabebe bili ya mkongo mchana. Jioni ofisi zikifungwa, uwezo uleule, ambao tayari umelipiwa, unauzwa kwa wananchi kwa vocha za bei ndogo. Ukimwuzia mtu wa jioni kwa bei ya mtu wa mchana umeharibu hesabu, kwa sababu hatanunua, na uwezo huo utapotea bure usiku kucha.

Baada ya bili inakuja jiografia, na hii haina huruma. Redio za gigahezi 5 zinahitaji antena mbili zionane. Kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa; hutanuka katikati ya safari na kubanwa kwenye ncha mbili, umbo lake kama la mtumbwi, na asilimia 60 ya sehemu ya katikati ya mtumbwi huo lazima iwe wazi. Kwa umbali wa kilomita 14 na masafa ya gigahezi 5.8, hilo linataka mita 8 za hewa tupu chini ya mstari wa katikati. Ongeza mita 3 kwa sababu dunia ni mviringo, nayo imevimba kidogo hapo kati. Kama katikati kuna miembe ya mita 15, mstari wako unatakiwa kupita mita 26 juu ya ardhi.

Mahali pa tambarare maana yake ni milingoti miwili ya mita 26, kila mmoja na waya zake za kukazia, zege lake na ulinzi wake dhidi ya radi. Hapo ndipo gharama ya redio ya dola 200 inapogeuka mzaha. Kwenye miinuko ya Lushoto, Mgeta au Taita, antena ileile inafungwa kwenye bomba la mita 3 juu ya paa la shule, na kazi inaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuunganisha kijiji ni shilingi ngapi, simjibu mpaka niione ramani ya miinuko. Umbali wenyewe si tatizo kubwa. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha Wi-Fi ya kawaida kwa umbali wa kilomita 279 kwa kutumia mlima wa Pico del Águila, na mwaka uliofuata wakafika kilomita 382. Walikuwa na mlima, nasi tambarare tuna miembe.

Jambo jingine ambalo mafundi wa mjini hulisahau ni subira ya kifaa. Wi-Fi ya nyumbani ikituma pakiti husubiri jibu la kuthibitisha kwamba imepokelewa, na muda wake wa kusubiri umepangwa kwa ajili ya sebule. Mawimbi hutumia maikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita. Kwenda na kurudi kilomita 14 ni zaidi ya maikrosekunde 90. Ruta isiyoambiwa umbali huo hudhani pakiti imepotea, huituma tena, na tena, na mteja huona mtandao "unazunguka" ilhali mawimbi ni mazuri kabisa. Dawa ni kuandika umbali halisi kwenye mipangilio, au kutumia vifaa vinavyogawana zamu ya kusema badala ya kugombania. Ni kazi ya dakika moja, na nimeona mitandao ikilalamikiwa kwa miezi kwa sababu dakika hiyo haikutumika.

Kulenga antena nako kuna ufundi wake. Kifaa huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, na kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwa kilomita 14 na antena za kawaida tunategemea kusoma −60 hivi. Fundi mmoja yuko juu huku, mwenzake yuko juu kule, simu zimebanwa kati ya bega na sikio. Mmoja anageuza antena upana wa kidole, anaacha, anasubiri asomewe namba. "Sabini na nane." Tena kidogo. "Bado sabini na nane." Fundi asiye na uzoefu hukaza nati hapo akateremka, kwani mtandao umeshika. Amekamata mawimbi ya pembeni, yale dhaifu yanayovuja kando ya antena, na mvua ya kwanza ikilowesha majani utakatika. Mzoefu huizungusha antena kupita hapo kabisa, namba inaporomoka hadi inapotea, halafu ghafla inasomwa sitini na moja. Pasipo na simu hata kidogo, kioo cha kujitazamia kikielekezwa juani humwonyesha mwenzako ulipo kwa kilomita nyingi.

Umeme ndio unaoua mitandao ya vijijini kuliko ubovu wa redio. Kikundi cha TIER cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichounganisha hospitali za macho za Aravind na vituo vyake vya vijijini kusini mwa India kwa Wi-Fi ya masafa marefu, kiliandika wazi mwaka 2008 kwamba sehemu kubwa ya hitilafu walizokuwa wakizifuata vijijini chanzo chake kilikuwa umeme mbaya: volti zinazoshuka polepole na kuikwamisha ruta katikati ya kuwaka, kuzima na kuwaka mara nyingi hadi kumbukumbu ya kifaa inaharibika. Fundi wa Singida hahitaji utafiti huo kuliamini jambo hili, lakini ni vizuri limeandikwa.

Kituo kidogo juu ya kilima, chenye redio mbili za kurushiana na moja ya kuwagawia watu, hula wati 25 hivi. Kwa siku nzima ni wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 imeandikwa kuwa na wati-saa 1,200, ila ukiinyonya zaidi ya nusu mara kwa mara haimalizi mwaka wa pili. Paneli ya wati 100, ambayo ndiyo hununuliwa kwa kubana matumizi, haiwezi kurudisha wati-saa 600 hata kiangazi. Inatakiwa ya wati 200, na masika ni afadhali 300. Halafu kidhibiti chaji kiwe cha kukata umeme mapema betri inaposhuka, kisiiache ruta ikifa kifo cha taratibu. Tofauti ya bei kati ya mfumo wa sola unaofaa na usiofaa ni ndogo kuliko nauli ya fundi kutoka mkoani mara mbili. Na sanduku lizibwe: sisimizi hupenda joto la vifaa, na mjusi mmoja anatosha kuunguza bodi.

Fundi kutoka mkoani ndiye gharama ya tatu, na suluhisho lake si la kiufundi. Mankosi, eneo la vijiji katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, lilianza na mtandao wake mwaka 2012 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Cape. Wenyeji wakaunda ushirika uitwao Zenzeleni, wakachagua wenyewe nyumba za kuweka vituo, na betri za sola zilizoendesha vituo hivyo zikatumika pia kuchajia simu za majirani kwa malipo. Mapato ya kwanza ya mtandao yalitoka kwenye chaji, siyo kwenye data. Mwaka 2014 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ICASA, iliwapa msamaha wa leseni. Leo intaneti yao inarushwa kutoka mji wa Mthatha. Vijana wa palepale ndio wanaotengeneza, na kituo kikizima, anayekwenda kukiangalia anatembea kwa miguu.

Katalunya, nchini Hispania, guifi.net ilianzia mashambani Osona mwaka 2004 kwa sababu kampuni za simu hazikuona faida huko. Imekua hadi vituo zaidi ya 30,000. Kanuni yake ni kwamba njia ni mali ya wote na yeyote anaweza kuuza huduma juu yake, mradi achangie matunzo. Sidhani kila kijiji chetu kinahitaji ushirika. Tunazijua SACCOS zilizokufa na sababu zake tunazijua. Kampuni ndogo ya mtu wa wilayani yenye fundi mwenyeji anayelipwa kila mwezi inaweza kufanya kazi ileile. Ninachokataa ni mradi ambao siku ya uzinduzi kuna mgeni rasmi na keki, na siku ya hitilafu hakuna mwenye ngazi.

Kuna wanaosubiri jawabu litoke angani. Julai 2020 mabaluni ya Loon ya kampuni ya Alphabet yalianza kutoa huduma Kenya pamoja na Telkom, yakielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Januari 2021 kampuni ilitangaza kuyafunga kwa kuwa hesabu za biashara hazikukubali. Setilaiti za chini, kama za Starlink zinazozunguka kilomita 550 juu badala ya zile za zamani za kilomita 35,786, ni habari nyingine, nazo zinafanya kazi kweli. Ucheleweshaji wake ni mdogo, mtu anaongea kwa video bila kupishana maneno. Zilianza Kenya Julai 2023. Pale ambapo mkongo uko mbali kuliko redio inavyoweza, ningefunga dishi hilo bila kusita na kuligawa kijijini kwa Wi-Fi. Ila msomaji asome masharti kwanza: kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuuzwa tena, na ukikinunua kwa ajili ya kijiji umejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Nafasi tupu za masafa ya televisheni nazo zilisifiwa sana. Mawimbi yake hupenya miti na kuzunguka vilima, jambo ambalo gigahezi 5 hailiwezi. Kampuni ya intaneti ya Mawingu, karibu na Nanyuki, iliyajaribu kuanzia 2013 ikiwa na Microsoft, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakayapeleka Kondoa kwenye mtandao wa jamii wa huko. Teknolojia ni nzuri. Vifaa vyake vilibaki adimu na vya bei kubwa, kwa sababu havitengenezwi kwa mamilioni kama vile vya Wi-Fi. Mawingu yenyewe ilikua kwa kutumia zaidi redio za kawaida zinazopatikana dukani, na mwaka 2024 ikavuka mpaka kwa kuinunua Habari, kampuni ya intaneti ya Arusha. Kifaa bora kijijini ni kile ambacho kikiungua Jumatatu, kingine kinafika kwa basi Jumatano.

Minara ya kampuni za simu bado inahitajika, na sioni sababu ya kuipinga. Inabeba sauti, inabeba miamala, inamfuata mtu barabarani. Sheria ya Tanzania iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ni ya mwaka 2006, na mwaka 2023 mikataba ya minara 758 ya vijijini ilisainiwa kwa ruzuku ya Serikali. Tatizo ni kwamba kufikiwa na mnara na kutumia intaneti ni vitu viwili. Takwimu za GSMA kwa Afrika Kusini mwa Sahara zinaonyesha kuwa wanaoishi ndani ya eneo lenye mtandao wa data lakini hawautumii ni wengi mara kadhaa kuliko wasiofikiwa kabisa. Bei ya simu janja inachangia, na bei ya bando inachangia. Umoja wa Mataifa, kupitia Tume yake ya Broadband, uliweka lengo mwaka 2018 kwamba data ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025. Wastani huo wa taifa humficha mkulima wa ufuta, ambaye pato lake huja mara moja kwa mwaka na ambaye bando lake la siku, likijumlishwa mwezi mzima, ni ghali kuliko la mfanyakazi wa mjini anayelipia siku 30 kwa mkupuo.

Kilichobaki ni sheria. Kenya ilichapisha mwaka 2021 utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya jamii, ngazi yake ikiwa chini ya ile ya watoa huduma wakubwa, ili kikundi cha Kilifi au Kisumu kisilazimike kupita mlango mmoja na kampuni ya taifa. Mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ingeweza kuwa na ngazi kama hiyo kwa kata, yenye ada ambayo AMCOS inaweza kuilipa kutoka kwenye makato yake ya msimu. Na kwa kuwa minara ile imepewa fedha za umma, masharti ya ruzuku yanaweza kutaja mambo mawili kabla ya mnara unaofuata kusimikwa: nafasi ya antena ya kilo mbili kwa mtandao wa kijiji, na bei ya jumla ya kila megabiti itakayobandikwa wazi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata.